Nilimsomea mke wangu vitabu vya mauaji, kumbe msikilizaji ni mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu wote, wa mjini, wa mikoani na mlioko ng'ambo.

Huu uzi ni wa vitabu, lakini ndani yake kuna mama mkwe, kwa hiyo nimeuandika kwa adabu. Mke wangu ameusoma kabla sijaupost. Kuna sehemu amefuta, zilizobaki amesema ni kweli tupu. Sina dhamana kubwa kuliko hiyo.

Mimi ni mtu wa Tarime mjini, Nyamisangura, ila kazi yangu iko upande wa Serengeti, kwenye camp moja ya watalii karibu na Natta. Niko laundry. Mashuka, taulo, pasi, basi.

Sasa watalii wana tabia ya kuacha vitabu. Mtu anakuja na kitabu kinene, anakisoma akisubiri simba waamke, siku ya kuondoka begi limejaa vinyago, kitabu kinabaki kitandani. Meneja alisharuhusu, anayetaka achukue. Wenzangu wanachukua shampoo zilizobaki. Mimi nachukua vitabu.

Na kwa kuwa humu ndani kila mtu ni mchambuzi, acha na mimi nichambue kidogo.

Vitabu vya kutajirika: mwandishi anaamka saa kumi alfajiri, anaoga maji baridi, anatajirika. Mimi naamka saa kumi alfajiri, naoga maji baridi, naenda kufua. Hivyo nilishaachana navyo.

Vya mapenzi: jalada lina mwanaume asiyejua kufunga vifungo vya shati. Si vibaya, ila huwezi kuvisoma kwenye gari la wafanyakazi.

Vya majasusi: majina ni mengi mpaka unafika katikati hujui unamshangilia nani.

Halafu kuna hivi wenyewe wanaviita cozy mystery. Hapa ndipo nilipokwama, wakuu.

Kama hujawahi kuvisoma, ni mauaji ya upole. Kuna kijiji kidogo huko Ulaya, kuna mama ana duka la keki na paka mmoja. Mtu anauawa mapema kabisa lakini huoni damu. Polisi anakuja, anauliza maswali ya kizembe, anapewa chai. Yule mama anaanza kupeleleza mwenyewe, muuaji anapatikana, keki zinaliwa.

Malalamiko ninayo. Watu wanauawa kila mara na hakuna anayehama. Na huyo mama akitoka kupeleleza, duka anamwachia nani? Mke wangu ana genge la mboga. Akienda tu kuchukua maji, akirudi wateja wameshahamia kwa jirani.

Lakini navipenda. Baada ya kutwa nzima ya mashuka nataka kitabu ambacho najua mwishoni mambo yatanyooka.

Haya, tuje kwenye tukio lenyewe.

Masika iliyopita camp ilifungwa kama kawaida, barabara zikiharibika wageni hawaji. Nikarudi nyumbani na kiroba cha vitabu.

Kipindi hichohicho mama mzazi wa mke wangu aliteleza akitoka shambani, akavunjika mfupa wa paja, karibu na nyonga. Akafanyiwa operesheni. Daktari akasema asikae mbali na hospitali, na kila siku atembee kidogo kidogo. Asipotembea, mguu utakakamaa na atabaki kuwa mtu wa kitandani.

Mke wangu, Robi, ndiye mtoto wake pekee anayeishi mjini. Kwa hiyo mama akaletwa kwetu.

Kwa wasio Wakurya, naomba msicheke kwanza. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawachanganyiki. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mazungumzo ya moja kwa moja hayapo. Sio ugomvi, ni heshima. Na mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwe wake ni jambo zito kwake kuliko hata huo mguu.

Sasa nyumba yangu ni sebule na vyumba viwili. Niligeuka mtu wa baraza. Nikitaka kuingia ndani nakohoa kwanza ili kama yuko sebuleni Robi amfunike au mlango ufungwe. Nilikohoa mpaka jirani yetu, mama mmoja wa Kijaluo mwenye ndugu zake upande wa pili wa mpaka wa Sirari, akaniletea tangawizi na limau.

"Baba Nyangi, hiyo kifua itakumaliza," akaniambia.

Nikazipokea. Ningemweleza nini?

Mama mwenyewe alikuwa hayuko sawa. Chakula anarudisha. Kutembea hataki. Kigongo cha chuma cha kutembelea, cha miguu minne, walichompa hospitali kilikaa kona moja kikitundikiwa khanga. Kila jioni ni wimbo uleule: nirudisheni kwangu, siwezi kufia juu ya kichwa cha mkwe wangu.

Siku moja nilimkuta Robi jikoni nyuma ameinamia sufuria, macho yamelowa. Nikadhani ni moshi. Haukuwa moshi.

"Anamwachia Mungu," akasema. "Mama yangu akishamwachia Mungu, ujue ameshaamua kufa."

Nikamsaidia kuipua sufuria.

Kesho yake mvua ilinyesha kutwa, genge halikufunguliwa. Tukakaa barazani, Robi anachambua maharage, mimi nasoma. Akaniuliza unacheka nini. Nikaanza kumsomea, natafsiri palepale kwa Kikurya. Majina ya Kizungu yalimshinda, tukayabadilisha. Mwenye duka la keki akawa Mama Keki. Marehemu, mwanajeshi mstaafu aliyekutwa amekufa kwenye bustani yake, akawa Mzee Kanali.

Tulikuwa tumekaa chini ya dirisha la chumba cha mama. Naapa sikupanga.

Nikasoma Kanali amekutwa amelala kwenye maua, polisi kaja, kanywa chai. Nikafungua sura inayofuata, Mama Keki anaoka keki za tamasha la kijiji.

Sauti ikatoka dirishani.

"Robi, muulize anayesoma. Marehemu amezikwa lini?"

Maharage yakasimama. Mimi nikageukia ukuta kwa adabu.

"Robi, mwambie mama kitabu hakijasema."

"Robi, muulize. Mtu amekufa, na hao wanapika keki za sherehe?"

"Robi, mwambie mama, ndivyo walivyo."

"Basi mimi sisikilizi hadithi ya watu wasiozika."

Na dirisha likafungwa.

Wakuu, ilikuwa ni mara ya kwanza tangu aje kwetu kuulizia jambo lolote. Robi akanitazama. Nami nikajua lazima Kanali azikwe.

Nikakohoa, nikapandisha sauti, nikamzika. Nilileta watu kutoka vijiji vyote. Nikachinja ng'ombe wawili. Wanawake wakapika, kwaya ikaimba, dada yake Kanali akaanguka kaburini wakamdaka. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mchungaji, na Mama Keki alikaa na wafiwa mpaka matanga yakaisha. Wakati wote huo sijafungua ukurasa hata mmoja, na Robi anaona.

Dirisha likafunguka kidogo. Baadaye tukasikia mtu anapenga kamasi.

"Robi," akasema, "hicho chakula kipo bado?"

Alikula. Robi alirudi jikoni na sahani tupu, akainua juu kunionyesha kama kombe.

Kuanzia hapo kila alasiri ilikuwa kitabu. Na mama alikuwa mchambuzi mkali kuliko wote niliowahi kuwaona humu. Hakuelewa kwa nini hakuna mchunga ng'ombe aliyehojiwa.

"Mtu anauawa mchana shambani, wachungaji hawakuona? Robi, mwambie hao polisi hawataki kazi."

Kila kitabu sababu ya mauaji ikikaribia kujulikana, yeye anawahi: "Ni ardhi." Mimi nabisha kupitia kwa Robi kwamba ni wivu, ni mapenzi. Yeye anarudia, ni ardhi. Mara nyingine ilikuwa ardhi kweli. Mara nyingine ilikuwa wivu, na hapo alikuwa akisema wivu wa nini kama si wa ardhi.

Robi alichoka kuwa mnara wa simu. "Semezaneni na dirisha," akatuambia, "mimi nina mboga za kufunga." Ikawa hivyo. Mama anaongea na dirisha, mimi naongea na ukuta, mambo yanaenda.

Halafu nikapata wazo. Siku moja nikahama. Badala ya kukaa chini ya dirisha lake, nikakaa chini ya dirisha la sebule, nikaanza kusoma kwa sauti ya kawaida.

"Robi, mbona sisikii?"

"Mama, leo anasomea huku," Robi akajibu.

Nikaendelea kusoma. Kisha nikasikia vile vyuma vinagonga sakafu. Gongo. Gongo. Pumzi. Gongo. Robi kaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nimegeukia barabarani, nasoma mstari uleule mara nyingi mpaka afike, maana nilijua akikosa hata neno atarudi kitandani.

Wiki iliyofuata nilihamia mlango wa nyuma, jikoni. Siku hiyo alifika akihema, akakaa upande wa ndani wa mlango.

"Robi," akasema, "mwambie mumeo nimeshajua anachofanya."

Nikafunga kitabu.

"Mwambie aendelee."

Mambo mazuri hayakosi watu wa kuyapeleka mbali. Habari zilifika kijijini kwamba mkwe na mama mkwe wanapiga stori kutwa nzima. Asubuhi moja ikasimama gari nyumbani, akashuka Mzee Marwa, mdogo wake marehemu baba mkwe. Ndiye mkubwa wa ukoo upande ule.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Nimekuja kumchukua shemeji yangu."

Hakupokea kiti. Akasema amesikia aibu, na kwamba alikuwa akiamini mimi ni kijana wa heshima. Niliogopa, siwafichi. Sio kwa ajili yangu. Kijijini kwao hospitali iko mbali, na mguu ulikuwa bado kabisa.

Mama akajibu kutoka ndani.

"Marwa, huyu kijana hajawahi kunisemesha. Anamsomea mke wake. Mimi Mungu alinipa masikio."

"Anamsomea nini?"

"Safari hii kuna mzee kauawa, hajulikani aliyemuua."

Mzee Marwa akasogea karibu na mlango. "Kauawa wapi?"

"Bustanini kwake."

Akanigeukia. "Alikuwa na watoto?"

"Wawili, baba. Na mjane wa ndoa ya pili."

"Na ardhi?"

"Ndicho ninachowaambia kila siku," mama akasema.

Hapo ndipo akakaa. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba ili mama apite. Nilichosikia ni vile vyuma tu, kutoka chumbani, sebuleni, mpaka mlango wa mbele. Alitembea mwenyewe, Robi hakumshika. Mzee Marwa ndiye aliyesaidia kumbeba siku ya kuvunjika, alimwona akipiga kelele juu ya mlango uliong'olewa kufanywa machela. Robi anasema mzee alivua kofia, akaishika magotini.

Kisha akasema, "Basi abaki mpaka mguu umalize."

Alikula mchana kwetu, akasikiliza sura mbili, akamtetea mtunza bustani kwa nguvu zote kwa sababu ni maskini na maskini ndio husingiziwa. Dereva alilala garini. Jioni akiondoka akaniambia taratibu, "Ukifika mwisho nipigie."

Nilimpigia. Hakuwa mtunza bustani. Alifurahi sana.

Camp ilipofunguliwa nikarudi Natta, na baada ya muda mama naye akarudi kwake anatembelea fimbo moja tu.

Msimu wa mahindi Robi alikwenda kumsalimia. Akamkuta uani anapukuchua mahindi na wanawake wenzake, wote kimya, yeye anasimulia. Mama Keki sasa anauza chapati mnadani. Paka ameondolewa. Na muuaji si yule wa kwenye kitabu.

"Mama, mbona muuaji hakuwa huyo?" Robi akamuuliza pembeni.

"Najua. Aliyekiandika alikosea."

Mwanamke mmoja akauliza hizi hadithi anazitoa wapi. Mama akaendelea kupukuchua, akasema, "Kwa mwanangu wa kiume, yule wa Natta."

Wakuu, mama mkwe wangu alizaa mabinti watupu.

Robi aliponisimulia kwenye simu nilikuwa napiga pasi. Nilichomoa pasi kwanza, ndipo nikaweza kuendelea kumsikiliza.

Nilichojifunza ni kwamba kitabu chepesi usikidharau. Wasomi watakwambia hakina uzito, lakini sijaona kitabu kizito kilichomtoa mtu kitandani. Na ukimsomea mtu, usiogope kumwongezea kinachokosekana.

Sasa zamu yenu. Mnaojua riwaya za upelelezi za Kiswahili zisizo na damu nyingi, nitajieni, mama ameshaanza kuulizia. Na wenye wakwe wanaosoma, au wanaosikiliza, njooni mtueleze. Ila mkitaja kitabu msitaje muuaji. Mzee Marwa naye ana smartphone siku hizi, na humu yumo.