Tajiri wa Merikebu Mlangoni kwa Haboba

Haboba yangu, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alikuwa ameacha kulala mchana. Kwa mtu wa Koboko hilo si jambo dogo. Saa nane, jua linapowabana hata mbuzi kwenye kuta, yeye alikaa kitandani macho wazi, kwa sababu, alisema, kuna mtu amesimama mlangoni anangoja kukaribishwa.

"Mwizi ndiyo anakuja usiku," aliniambia. "Huyu iko tajiri. Anakuja mchana."

Alikuwa amekonda, chakula hakipiti. Mama ndiye aliyenipigia simu Arua: "Njoo. Hivi hivi tutamzika."

Huko Arua nakodisha sahani, viti na mahema. Kazi hii haimwongezei mtu imani kwa wanadamu. Sahani ikitoka naihesabu mara mbili, ikirudi mara mbili, na bado kuna harusi moja ya mtaa wa Oli iliyonimezea vijiko.

Sikuuliza tajiri gani. Kwetu yuko mmoja tu, naye alikufa zamani. Alianza kwa kushona matanga ya watu wengine kule kaskazini, akanunua mashua iliyooza ambayo mwenye nayo aliona aibu hata kuizamisha, akaiziba, akapanda nayo Mto Nile. Alipanda na shanga na nguo, akashuka na pembe za ndovu. Baadaye mashua zikawa merikebu, na pembe zilipopungua akashuka na watu. Huku kwetu alijenga boma la miiba, na kila jioni wapagazi wake waliwapanga watu chini, naye akapita akiwagusa vichwa, akihesabu. Mmoja kati ya hao vichwa alikuwa mama mkuu wa ukoo wetu. Huyo hakupakiwa merikebuni. Alimzalia binti, na kwa binti huyo ndiko tulikotoka sisi. Kwa hiyo tu mali yake na tu watoto wake, na hadi leo sijui lipi lilitangulia.

Ndiyo maana nyumbani kwetu mbuzi huhesabiwa, magunia huhesabiwa, watu hapana. Ukitaka kujua wageni wangapi, unagawa sahani mpaka ziishe.

"Anataka nini?" nilimuuliza haboba.

"Karama, sadaka ya kuchinja na dua. Alikufa kitandani, nyumba inatazama mto, na waliomlilia ni wale aliowanunua. Hakuna mutu wa damu alimfanyia dua. Chinja ng'ombe."

"Ng'ombe, haboba? Mtu mwenye merikebu? Yeye ndiye angetuletea sisi ng'ombe."

"Wewe unapatana bei na maiti."

"Maiti ndiye mteja mzuri. Hatoki kwenda duka la jirani."

Alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu nifike, tukakubaliana mabeberu wawili. Nilitia viungo kwa mkono wangu. Shehe alisoma baada ya sala ya adhuhuri, wanawake na watoto wakaketi kwenye mikeka uani, mlango wa nyumba ukaachwa wazi kama haboba alivyotaka. Upepo haukuwapo kabisa. Pazia la mlango lilikuwa limevimba kuelekea ndani, likabaki hivyo.

Sahani hazikutosha. Nilikuwa nimezileta mwenyewe kutoka Arua na nilijua zinazidi. Watoto walikuwa wakihamahama, wengine wamebebwa, na hapo kazi ya mjini ikanizidi nguvu. Nikawahesabu watu. Mara ya kwanza kimoyomoyo, kwa Kiswahili. Hesabu ikakataa. Mara ya pili nikajisikia nahesabu kwa sauti, na si kwa Kinubi chetu cha nyumbani. Kilikuwa Kiarabu cha kaskazini, kimenyooka, nami Kiarabu changu huishia kwenye sala. Nilikuwa nikitembea nyuma ya mkeka, na kila mtoto niliyempita nilimgusa utosi kwa kidole.

Mama alisimama na upawa wake juu ya sufuria. Mtoto mdogo wa binamu yangu aliinamisha kichwa mapema, kabla sijamfikia.

Haboba akatoka ndani kwa miguu yake mwenyewe. Akanishika kifundo cha mkono.

"Karibu," akasema, akiangalia juu ya bega langu. "Umengoja sana. Keti."

Nikaketi. Alininawisha, akanilisha nyama kwa vidole vyake, tonge baada ya tonge, kama anavyolishwa mgonjwa.

"Hawa si mzigo," alisema. "Hawa ni watoto yako. Dua umepata. Kula, shiba, toka. Kwa huyu mwanamke, mjukuu yangu, pia toka."

Nyama ile haikuwa na chumvi wala kiungo. Nilitaka kumwambia haboba, ni mimi. Lakini mdomo ulikuwa umejaa, na kusema kweli sikuwa na uhakika wa kutosha kubishana.

Kesho yake alilala mchana mpaka alasiri, na sasa amenenepa, anagombana na majirani. Mama anasema karama ilipokelewa.

Nikienda kumwona huwa nafika asubuhi. Mara moja gari liliharibika njiani nikafika jua likiwa utosini. Nilipiga hodi. Nilimsikia ndani akikoroma, kisha akaacha. Nikapiga tena, nikasema ni mimi, nimeleta sukari.

Kitanda kililia kidogo, kama mtu anayejivuta kuelekea ukutani. Hakusema karibu.