Cheni ya Ami Twahir

Utotoni mwangu sikuamshwa na jogoo. Niliamshwa na teksi ya baba ikiwashwa kwenye uwazi nyuma ya nyumba yetu, Mji wa Kale. Injini ilianza kwa kelele kama mtu anayetikisa mawe ndani ya kopo, cha-cha-cha, kisha ikatulia kidogo, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikaingia dirishani mpaka kitandani kwangu. Ramadhani ya mwaka ule kelele zilizidi. Bi Fatuma Shee wa mlango wa pili alikuwa akitoa kichwa na kumwita baba, "Athmani! Sote tumefunga, hilo gari lako linatafuna nini?" Watu wakacheka, baba naye akacheka. Mimi leo sicheki. Nasema mapema kwamba haya nayaeleza kwa hasira, na asije mtu akaniambia marehemu husamehewa.

Kilichokuwa kikitafunwa ni cheni ya taimingi. Hiyo ni cheni iliyofichwa kwenye pua ya injini, ndiyo inayofanya vyuma vya chini na vya juu vizunguke pamoja, kila kimoja kwa zamu yake. Ikilegea hupiga kelele, ikiruka meno vyuma hugongana humo ndani na injini imekwisha. Nilifunzwa na Fundi Mutiso, Mkamba mmoja mrefu aliyekuwa na gereji Makupa, siku baba aliponichukua huko nikitoka chuoni kusoma Kurani. Alinipa cheni mbili, kuukuu na mpya. "Shika mwisho huku na huku, mama, kisha ilaze ubavu." Ile mpya ilinyooka mikononi mwangu kama rula. Kuukuu ikalegea katikati, ikapinda kama upinde. "Basi hiyo ndiyo elimu yote," akasema, "iliyopinda usiitie kwenye gari hata ukipewa bure." Mpya za gari la baba zilikuwapo dukani, Bondeni. Baba akaahidi kununua Idi ikishapita. Teksi ile ndiyo iliyotulisha, na ndiyo iliyonisomesha mimi na kaka yangu Salim. Nilikuwa darasa la nne, na mwalimu wangu, Bi Grace, alikuwa ameniambia nina kichwa cha hesabu.

Siku ya pili ya Idi akaja Ami Twahir, kaka mkubwa wa baba, karani wa bandarini, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Barazani palikuwa na Maalim Bakari, Omari muuza mkaa na Bi Fatuma Shee mwenyewe. Nawataja kwa kuwa wote waliona. Ami akatoa kifurushi cha gazeti, akakifungua mbele ya watu: cheni, inang'aa kwa grisi. "Ndugu yangu, usitupe pesa dukani. Mpya hii, nimekutafutia mwenyewe." Barazani wakasema mashaallah, ndugu ndiye huyo. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini bila kuitazama, maana kwetu zawadi haikaguliwi mbele ya aliyeileta, sembuse akiwa mkubwa wako. Mimi nikaiokota. Nikaishika huku na huku, nikailaza ubavu. Ikapinda. Nikasema, kwa furaha ya mtoto anayejua jibu, "Baba, hii imekwisha, tazama!"

Baba alitazama. Hilo ndilo nisilolisahau: aliiona imepinda, macho yake yakatua pale katikati, kisha akanipiga kofi. Hakuwa amenipiga kabla ya siku hiyo. "Nyamaa! Huna haya? Mbusu ami yako mkono umtake radhi." Nikaubusu. Mkono wa karani, unanukia udi, lakini ndani ya kucha mlikuwa na grisi nyeusi, mbichi. Aliipaka mwenyewe. Alijua. Ami akanipapasa kichwa, akasema, "Athmani, umezaa fundi!" na baraza zima likacheka. Kuanzia siku hiyo watoto wa mtaani wakaniita Fundi Cheni, nikipita wananitikisia makopo.

Fundi Mutiso alipoiona alisema, "Mzee, hii imelegea kuliko uliyonayo." Baba akamjibu neno moja tu: "Funga." Haikufika Idi ya mfungo tatu, ile ya kuchinja. Iliruka palepale Makupa, abiria wamo ndani, na gari likafa katikati ya malori. Mutiso alipofungua injini alitandaza gunia, akaziweka juu yake valvu zilizopinda, na kichwa cha pistoni kimetoboka. Ami Twahir alikuja kutupa pole, akasema ni kadari ya Mungu. Teksi ikauzwa chuma chakavu, baba akawa kibarua, na nyumbani ikaamuliwa mmoja wetu aache shule. Salim hakuachishwa. Niliyeachishwa ni mimi, niliyesema kweli. Bi Grace alikuja kuniombea, mama akalia, na baba akaangalia ukuta.

Mwaka huu mjukuu wangu Rukia, anayekaa Buxton, ana gari kuukuu lililoanza kelele ile ile. Mkwewe, Bwana Harith, akaja naye kwangu, na cheni ndani ya boksi, zawadi. Nikanyoosha mkono. Rukia akaninong'oneza, "Nyanya, tafadhali, ni baba mkwe." Nikaitoa, nikaishika huku na huku, nikailaza ubavu mbele ya macho yake. Ilinyooka kama rula. Bwana Harith akacheka, "Haki yako, mama. Ningekuwa wewe ningeitazama mara mbili," akajimiminia kahawa. Rukia akapumua. Wote wakadhani nami nimefurahi, nikaingia jikoni nikakaa peke yangu. Nimeishi umri huu wote nikidhani baba alikuwa na jambo zito la kulinda siku ile, jambo kubwa kuliko shule yangu. Kumbe ukiikagua zawadi, mwenye zawadi hucheka na kunywa kahawa. Na kama asingecheka, angenuna akaenda zake, na mimi ningeingia darasa la tano.