Dume, Jike na Sweta Jekundu

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa amepiga magoti sebuleni kwangu hapa Iyunga, Mbeya, kichwa amekiingiza nyuma ya kompyuta, ananung'unika peke yake. Ni msichana wa chuo, anahariri video za harusi za watu, na kwa miezi kadhaa sasa nyumba nzima tunaishi na habari moja tu: kadi mpya ya picha ya kompyuta inakuja. Haijatoka. Hakuna aliyeishika. Lakini yeye na wenzake kwenye simu wameshajua kila kitu. Eti itakuwa na kasi mara mbili ya hii aliyonayo, itakula umeme kama pasi, itaonyesha hadi vinyweleo kwenye shavu la bibi harusi. "Hata wewe Bibi na hayo macho yako utaona," ananiambia, maana daktari amesema macho yangu yameanza kuingia ukungu. Kinachowagombanisha ni waya. Wengine wanasema tundu lake litakuwa la namna mpya, na skrini za sasa hazitaingiliana nalo.

"Ona sasa," akasema, akininyooshea ncha ya waya. "Hili ni dume. Na huku nyuma dume. Nikikosa jike, nimeumia."

Nilicheka hadi nikaweka kikombe cha chai chini. Akanuna, akidhani naicheka kazi yake. Kumbe mwenzake nilikuwa nimeshaondoka Mbeya zamani, niko Kilolo, nina miaka tisa, nimeshika kamba ya mbuzi.

Wewe msomaji usinicheke kabla sijamaliza. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati reli inajengwa na vijana wengi wa kwetu wamekwenda kupiga sururu huko. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilibaki na bibi, mama yake baba, katika nyumba ya udongo iliyonukia moshi na viazi vya kuchoma. Kilolo ina baridi isiyo na adabu. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu unaingia hadi jikoni, unatafuta jiko kama na wenyewe unasikia baridi. Kabla baba hajaondoka, bibi alimfumia sweta jekundu kwa sindano za spoku za baiskeli. Baba alikuwa mrefu, mikono mirefu, na bibi alilipima na kulirudia mara tatu hadi likamfika sawasawa kiunoni na kwenye vifundo vya mikono. Akaondoka nalo mwilini. Barua zilikuja mbili, kisha zikakatika.

Halafu akapita kwetu mtu mmoja aliyekuwa anarudi kutoka relini. Bibi akampa togwa, akampa kiti, akamhoji mpaka maskini akachoka. Kitu kimoja tu alichokisema ndicho kilichobaki: watu wa sinema walifika kambini wakawapiga picha zinazotembea, na "mwanao alikuwa mbele kabisa, na lile sweta lake jekundu." Basi. Kuanzia siku hiyo bibi hakuwa na neno lingine. Alitaka kuiona hiyo sinema kabla macho yake hayajafunga, kwa sababu macho ya bibi yalikuwa yanaisha. Alikuwa anaona rangi na maumbo. Sura za watu alikuwa hazioni tena, alitutambua kwa sauti.

Sasa, sinema tulikuwa tumeshaiona mara moja, mwaka uliotangulia. Ilikuja kwa gari, ikala umeme wa betri ya gari hilo hilo, ikaonyeshwa kwenye shuka. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, na hafifu. Watu walionekana kama wale unaokutana nao njiani asubuhi kwenye ukungu, unamwamkia mtu "kamwene" bila kujua ni nani. Raha yake ni kwamba kila mtu aliona alichotaka. Mama mmoja alimtambua kaka yake kwenye picha iliyopigwa nchi nyingine kabisa, akalia kwa furaha, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumbishia.

Ndipo mwalimu wetu akatangaza mstarini kwamba mashine mpya inakuja, inaonyesha rangi, na itakuja na sinema ya reli. Jamani, uvumi ulioibuka hapo. Mwalimu alisema mwanga wake ni mkali kiasi cha kuhesabu vifungo vya shati la mtu. Sisi watoto tukabishana kutwa nzima tukichuma njegere shambani: je, ikinyesha mvua mle ndani, mbele tutalowa? Nyekundu itakuwa nyekundu kweli, au wekundu wa matofali? Mtu atakuwa na ukubwa wake, au atakuwa kama mwanasesere? Jirani yetu, ambaye aliwahi kufanya kazi ya usafi kwenye ukumbi Iringa mjini na kwa hiyo alikuwa ndiye mtaalamu, alisema rangi za mashine zinavuja: ukimtazama mtu mwenye shati la kijani, uso wake nao unakuwa wa kijani. Mwalimu akamwambia hajui kitu. Jirani akamuuliza mwalimu yeye ameiona wapi. Wakanuniana siku nne.

Bibi alisikiliza yote hayo kwa makini kama anasikiliza hukumu. Jioni akinisongea ugali alikuwa ananiuliza, "Na wewe unaonaje, wekundu utatoka?" Namjibu utatoka. "Basi nikiona wekundu, wewe utanitazamia sura." Hiyo ndiyo kazi aliyonipa. Yeye aione rangi, mimi nione uso.

Kisha ikaja barua ya fundi wa sinema. Mwalimu aliisoma mbele ya wanakijiji wote, kwa sauti ya kusomea maandiko. Mashine mpya, fundi aliandika, haitoshelezwi na betri ya gari, kwa hiyo tuazime jenereta ya misheni. Hilo tulilielewa. Halafu: "Mashine yetu ina dume. Jike mtuandalie huko, liwe imara, lisilegee. Bila jike sinema haitawezekana."

Kijiji kizima taa yake ilikuwa chemli, nani angejua dume na jike la umeme? Jirani akasema alijua tu, mashine kali namna hiyo haiwezi kuwaka bila tambiko. Mwalimu, mtu wa kanisa, akakataa katakata. Akafikiri kidogo, akatoa tafsiri yake: ni kitoweo. Wageni wanakuja na beberu wao, na sisi tuchangie mbuzi jike, asiwe mgonjwa. Mantiki yake ilikuwa nzuri kabisa, na nina hakika hata leo angeitetea. Swali likabaki, atolewe jike wa nani? Watu wakaanza kutazama vidole vya miguu yao.

Bibi akasimama. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, jike, mwenye mimba. "Chukueni wangu," akasema. "Hiyo mashine isije ikarudi njiani kwa sababu ya mbuzi."

Siku yenyewe tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi na mikeka ili mchana uwe giza. Watu walijaa hadi wengine wakakaa juu ya madawati, kunanuka jasho, sabuni ya kipande na mahindi ya kuchoma. Nje, jenereta ya misheni. Mbuzi nilikuwa nimemfunga nyuma ya darasa, nimempangusa hadi anang'aa. Fundi akashuka kwenye gari, kijana mwembamba mwenye koti la ngozi, akasalimia, akafungua sanduku, akauliza, "Jike liko wapi?"

"Lipo tayari," mwalimu akasema kwa majivuno. "Twende ukalione."

Fundi akamfuata akiwa ameshika plagi mkononi, waya unaburuzika. Akamkuta mbuzi. Akamtazama mbuzi, akaitazama plagi, akamtazama mwalimu. Nadhani hata mbuzi alielewa kwamba kuna kosa. Yule kijana alicheka hadi akakaa chini kwenye majani, na mwalimu wetu, aliyejua kila kitu duniani, akasimama pale anafuta miwani isiyo na vumbi.

Kicheko kilikatika fundi alipoiona jenereta. Matundu yake yalikuwa ya mviringo. Meno ya plagi yake yalikuwa bapa. "Hapa haliingii," akasema. "Nilisema muandae jike kwa sababu hii. Poleni wazee, leo sinema hakuna." Akaanza kukunja waya.

Nilimtazama bibi. Sijawahi kumwona mtu anazeeka mbele ya macho yangu, ila siku hiyo nilimwona. Akauliza taratibu, "Ukikata hilo dume, ndani kuna nini?" Fundi akamjibu kuna nyaya tu. "Na hizo nyaya ukizichomeka kwenye matundu?" Zitachomoka, fundi akasema, jenereta inatikisika, zitalegea. Bibi akatoa kisu chake cha kugemea ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mtu aliyegema mianzi tangu usichana alikuwa hahitaji macho kuichonga. Akauliza matundu yana upana gani, akayapima kwa kidole cha mwisho jenereta ikiwa imezimwa, akachonga vijiti vya mwanzi mkavu, vyembamba mbele na vinene nyuma. Fundi akazikata nyaya, akazichomeka, akazibana kwa vile vijiti. Akavuta. Hazikulegea.

"Jike hilo," bibi akasema, na watu wakacheka upya. Mbuzi wetu akafunguliwa.

Jenereta ikanguruma, na ukuta ukawaka. Sijui nikuelezeje wewe uliyezaliwa na skrini mfukoni. Anga lilikuwa la bluu. Majani yalikuwa ya kijani, na udongo ulikuwa mwekundu kama wa kwetu, na hakuna rangi iliyovuja. Mwalimu aliegemea mbele na kweli, nakuapia, alikuwa anahesabu vifungo. Kwenye picha watu walikuwa wanabeba mataruma ya reli, wanacheka, unaona hadi jasho kwenye shingo.

Kisha wekundu ukatokea. Bibi akanishika mkono, akaubana. Mtu mmoja alikuja mbele kabisa, amevaa sweta lile lile, nalijua, nilikuwa nimeshika uzi wakati linafumwa. Akageuka. Mashine ilikuwa kali kama walivyoahidi. Niliona meno yake ya mbele yana mwanya, niliona kovu juu ya nyusi. Alikuwa kijana mfupi ambaye sijawahi kumwona maishani.

"Ndiye?" bibi akauliza.

"Ndiye," nikajibu. Nilijibu haraka, kabla hata sijafikiri. Darasa zima likapiga makofi, watu wakampongeza bibi, mwalimu akamshika mkono. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya furaha hiyo, sikupiga makofi. Tena nikaichukia ile mashine. Ingekuwa ile ya zamani, yenye ukungu wake, baba angekuwa pale ukutani na mimi nisingekuwa mwongo.

Tulirudi nyumbani, mbuzi mbele yetu. Wiki mbili baadaye bibi alinituma dukani nikachukue nyuzi nyekundu. Nikamuuliza za nini, na baba ana sweta. Alikuwa anaota moto, hakunitazama.

"Lile kampa mwenzake mfupi," akasema. "Wekundu ulimfika yule mapajani. Wangu atakuwa anatetemeka huko." Akachochea moto, akasema, "Ulinijibu vizuri."

Baba hakurudi. Miaka mingi baadaye tulisikia alivuka mpaka na kazi ile ile ya reli, akabaki huko, na huko huko akazikwa. Bibi naye akaenda. Darasa lile lilibomolewa, mahali pa mianzi aliyokuwa anagema bibi wamepanda miti ya mbao, na jenereta ya misheni sijui iliishia wapi. Kungoja pamoja nako kumekwisha. Wakati ule kijiji kizima tulingoja mashine moja, tukaibishania kabla haijafika, tukaitazama kwa wakati mmoja tumebanana. Sasa mjukuu wangu anangoja chumbani kwake, na wenzake wanangoja kila mtu chumbani kwake.

Nilipomaliza kumsimulia haya alikuwa ameshatoka nyuma ya kompyuta, amekaa sakafuni, waya bado mkononi. Akauliza sweta la pili liko wapi. Nikamwambia afungue sanduku la bati chini ya kitanda changu. Akalileta, akalikunjua, mikono yake mirefu ikaning'inia. Halijawahi kuvaliwa na mtu. Miaka karibu hamsini ndani ya sanduku, na nondo, na joto la bati.

Alilitandaza mapajani mwangu. Nililiona umbo lake, ila kwa ukungu huu wangu sikuwa na hakika na rangi.

"Bado ni jekundu?" nikamuuliza.

"Jekundu kabisa, Bibi," akasema.

Alijibu haraka. Sikumuuliza tena.