Bibi Aliitumia Kidogo Sana

Wubbo Kamminga, mstaafu wa reli, siku hizi hana kazi ila kusoma matangazo ya vitu vikuukuu mtandaoni. Hanunui kitu. Anachotaka ni kujua nani hapa kijijini Winsum anauza nini, na kwa bei gani ya kijinga, kisha anapita nyumba za watu akieneza habari utadhani analipwa. Ndivyo alivyoingia kwa jirani yake Hilje Dijkema, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, kwa mlango wa nyuma, bila kungoja kuitikiwa. Akavuta kiti, akaweka kishikwambi chake mezani katikati ya vikombe.

"Hilje, unauzwa," alisema.

"Nauzwa mimi? Na huyo mnunuzi ana akili timamu?"

"Si wewe, baiskeli yako. Lakini maneno yaliyoandikwa ni yako wewe."

Hilje alitafuta miwani yake, akaipata kichwani. Kwenye picha alikuwa yule yule mnyama wake mweusi, kaegemezwa ukutani mwa banda lake mwenyewe, na karia yake ya mbele na kengele yake ya shaba iliyo kubwa kama kisahani cha chai. Chini yake pameandikwa: *Baiskeli ya kike, hali nzuri. Ilikuwa ya bibi, aliitumia kidogo sana. Imekaa bandani. Sababu ya kuuza: umri wa mwenyewe.* Na jina la muuzaji lilikuwa Frouke. Frouke ni bintiye, mtoto wake pekee, anayekaa mjini Assen.

Aliyasoma mara mbili. Kuuziwa mali yake bila kuulizwa kulimuudhi, lakini hilo angeweza kulimeza pamoja na kahawa. Lisilomezeka ni yale maneno mawili, kidogo sana.

Kidogo sana, mwanamke huyu! Kwa zaidi ya miaka thelathini Hilje alikuwa mhudumu wa wazazi, wale wanaokwenda nyumbani kwa mama aliyejifungua, wakamwogesha mtoto, wakamfulia, wakampikia, wakawafukuza wageni wanaokaa mpaka giza. Nusu ya watu wanaompita leo kwenye duka la mkate na kumwita "bibi" kwa sauti ya huruma, yeye aliwafuta makalio. Na kote huko alifika kwa baiskeli. Mvua ya barafu iliponyesha na barabara zikawa kioo, gari la mkunga likaenda mtaroni, Hilje alivaa soksi za mumewe juu ya viatu, akakanyaga na kusukuma, akakanyaga na kusukuma, hadi kwenye shamba moja upande wa Warffum ambako mwanamke alikuwa peke yake na kichanga cha usiku mmoja. Frouke mwenyewe alilelewa kwenye karia ya nyuma, akilala na shavu lake mgongoni kwa mama yake. Na siku walipomzika Eltjo, mumewe, magari yalipangwa nje ya kanisa yakimsubiri mjane. Mjane alivua kofia, akafunga kitambaa, akarudi nyumbani kwa baiskeli akiwa peke yake, analia kwa sauti dhidi ya upepo mahali ambapo hakuna wa kumshika mkono.

Hiyo ndiyo iliyokaa bandani.

Ni kweli kwamba vuli iliyopita alianguka. Yeye hasemi alianguka, anasema aliangushwa. Mbwa wa watu, kwenye kamba ndefu isiyo na adabu, alikatiza pale darajani, na Hilje akaenda chini na kuvunjika mkono juu ya kiganja. Akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa mpaka mfupa ushike. Na wahenga walishasema, asiyekuwapo na lake halipo. Aliporudi alikuta banda limefungwa kwa kufuli jipya, ufunguo uko Assen, na mlangoni pamesimama kigari cha kijivu cha magurudumu manne, vile wanavyoshikilia wazee wakitembea, chenye kikapu na kikalio cha kupumzikia. Kimefungwa utepe kama zawadi.

"Ng'ombe hazeeki maini," Wubbo alisema, akimtazama anavyopumua. "Ila jirani, kwa sura hiyo usimpigie mtu simu."

Hilje akapiga. Frouke alisema kwamba hayo walikwishayazungumza. Hilje akamjibu kwamba walimzungumzia, hawakuzungumza naye. Hapo Frouke akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Siku ile ya darajani alikuwa kwenye mkutano. Aliyempigia simu alikuwa mtu asiyemjua, na kabla hajamaliza sentensi Frouke alikuwa tayari amemzika mama yake. Aliendesha gari kutoka Assen hajui kama anakwenda hospitali au anakwenda kwa mchongaji jeneza.

"Simu ile sitaki kuipokea tena, mama. Nimemaliza," alisema.

Hilje alisema, "Haya." Akakata, akabaki ameshika simu. Alimhurumia mwanawe kweli kweli, na wakati huo huo alijua kwamba akiikubali huruma ile, ataishi kati ya jiko na dirisha mpaka wamtoe akiwa maiti, miguu mbele.

"Wubbo," alisema mwishowe, "hilo tangazo mtu anajibuje?"

Basi wakaandika. Wubbo mtandaoni anajiita Mpumzikaji, maana huko kila mtu anajificha nyuma ya jina la mchezo. Mpumzikaji alieleza kwamba ameipenda baiskeli, hahitaji kupunguziwa, na angependa kuja kuijaribu Jumamosi saa nne asubuhi. Frouke alijibu kabla kahawa haijapoa: *Bwana mpendwa, karibu sana.* Jioni alimpigia mama yake kumtuliza. Wengine wote, alisema, wanauliza tu bei ya mwisho bila hata salamu, lakini kuna mzee mmoja mstaarabu sana, anaandika vizuri, na baiskeli itapata pahali pema. Hilje alisema amefurahi kusikia hivyo.

Siku zilizofuata alizunguka nyumba akikunja na kukunjua kiganja. Alipojaribu kukamua taulo alisikia maumivu hadi kwenye kiwiko. Kwa miezi mitano hakuwa amepanda kitu chochote kilicho juu kuliko kizingiti.

"Naogopa," alimwambia Wubbo siku ya Ijumaa, wakiwa wamesimama kila mtu upande wake wa ua.

"Basi nimwandikie tuahirishe."

"Sikusema sitaki. Nimesema naogopa."

Jumamosi upepo ulikuwa ule wa kwetu, usio na mahali pengine pa kwenda. Frouke alifika mapema na ufunguo wa banda na keki ya viungo. Alitoa baiskeli nje, akajaza upepo, akapaka cheni mafuta, akafuta kengele mpaka ikamwonyesha uso wake. Hilje aliyaona yote kupitia dirishani, na aliona pia jinsi bintiye alivyoacha kiganja chake juu ya karia ya nyuma muda mrefu kuliko kitambaa kilivyohitaji. Saa nne ikafika, hakuna mtu. Frouke akachungulia barabara, akatazama simu, akaanza kunung'unika kwamba watu wa mtandaoni ni wale wale.

Hilje alivaa koti, akafunga kitambaa, akavaa glavu. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akasukuma kigari chake kupitia kichochoro, akazunguka nyumba tatu, akaja kwa lango la mbele kama mtu wa kutoka mbali.

"Habari za asubuhi," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya tangazo."

"Mama, rudi ndani, baridi hiyo. Namngoja mteja."

"Mteja ni mimi. Ulinijibu mwenyewe, ukaniita bwana mpendwa."

Frouke alimtazama mama yake, halafu akatazama juu ya ua, ambako kofia ya Wubbo ilionekana ikishuka taratibu.

"Nina maswali machache ya mnunuzi," Hilje aliendelea. "Umeandika ilikuwa ya bibi, aliitumia kidogo sana. Bibi gani huyo? Maana mimi wa hapa nawajua wote, na huyo simjui."

"Mama, hayo ni maneno ya kuuzia tu. Kila mtu anaandika hivyo."

"Umeniandika mimi, Frouke. Ukasema nimekaa bandani."

Machozi yalimjia Frouke kwa hasira, kama ilivyokuwa tangu utotoni. Akasema mama yake amefikisha miaka sabini na minane, mfupa umeungwa kwa chuma, ataanguka tena, na hilo si suala la kama bali la lini.

"Nitaanguka," Hilje alisema. "Nikianguka jikoni utauza jiko? Baba yako alikufa kwenye kiti kile pale ndani, kikombe mkononi. Sijaona umekitangaza kiti."

"Lakini watakayempigia simu ni mimi."

Hilje aliacha kigari. Akasogea karibu, akamshika bintiye shavu kwa ule mkono mbovu.

"Najua, mwanangu. Hilo silikatai, na linaniuma kuliko mkono. Lakini siwezi kukaa ndani maisha yangu yote kuilinda simu yako."

Sasa, huku kwetu hakuna anayenunua baiskeli bila kuizungusha kwanza, na hakuna muuzaji mwenye akili anayeiachia bila rehani. Mtu ataacha kitambulisho, mwingine ufunguo wa gari, mwingine hata kiatu. Akirudi anapewa chake. Asiporudi, kila mtu anabaki na alichokishika. Hilje alivuta kigari, akakisukuma mpaka kikagusa magoti ya bintiye.

"Rehani," alisema, na Frouke, kwa mazoea tu, akakishika.

Mara ya kwanza alishindwa. Alipitisha mguu, akasukuma, gurudumu la mbele likayumba kama mlevi, akatua kwa unyayo na kuguna. Frouke alipiga hatua moja na kusimama. Wubbo, ambaye Winsum nzima haijawahi kumsikia akinyamaza, alinyamaza. Mkono ulimuuma Hilje hadi machoni, na kwa kitambo kifupi alitaka mtu amwambie acha. Hakuna aliyemwambia. Akarudisha kanyagio juu kwa ncha ya kiatu, akausogeza uzito wake wote mbele, na safari hii nyumba zikaanza kupita.

Alikwenda moja kwa moja darajani. Pale pale alipoangukia akafunga breki na kushuka, kwa kuwa kushuka ndiko alikokuwa akikuogopa zaidi, akasimama ameshika usukani. Aliliangalia daraja, na daraja halikuwa na lolote la kusema. Akapanda tena. Mwanamume mmoja alikuwa anakuja na mbwa kwenye kamba ndefu, na Hilje akampigia kengele tangu mbali, akaendelea kuipiga mpaka kamba ikakunjwa yote na bwana akasimama kwenye majani. Ilipofika kona ya kurudi nyumbani, hakukata kona. Alipita mashamba, akaukuta upepo uso kwa uso, akautukana kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa na furaha, na aliisema furaha yake kwa sauti mbele ya kondoo wa watu.

Aliporudi ilikuwa karibu na mchana, na karia ya mbele ilikuwa na mkate na vipande viwili vya samaki wa kukaanga, vimeloa mafuta kwenye karatasi. Frouke alikuwa bado langoni. Alikuwa amekaa juu ya kikalio cha kigari, amejikunja ndani ya koti, ameshika kikombe cha Wubbo, pua nyekundu.

"Umechelewa," alisema.

"Rehani haikunivutia."

Frouke alicheka bila kutaka, akajifuta. Walikula samaki jikoni na vidole. Frouke alijaribu kumwomba mama yake avae kofia ngumu ya kichwani, akatazamwa mpaka akaliacha. Akaomba basi walau siku za barafu mama asitoke, na Hilje akamwahidi kwamba siku za barafu atavaa soksi juu ya viatu. Kabla ya kuondoka Frouke alilifuta tangazo mbele ya macho ya mama yake, akaacha ufunguo wa banda mezani, na akamkumbatia kwa nguvu kidogo kupita ilivyo desturi yetu. Hilje alimsindikiza mpaka kwenye gari. Gari lilipotokomea, ilibidi akae ngazini kwanza, kwani miguu ilikuwa imekataa amri.

Jumatatu Wubbo aliitwa. Kwa mara ya kwanza aliingia akiwa hana habari ya kutoa. Hilje alimwamuru aandike, naye akisimama nyuma ya bega lake kuhakikisha herufi hazipotei. Tangazo lilitoka hivi: *Kigari cha kutembelea, hali nzuri sana. Kilikuwa cha bibi, alikitumia kidogo sana. Kimekaa bandani. Sababu ya kuuza: umri wa mwenyewe.*

Hawajamaliza kahawa, kishikwambi kikalia. Mnunuzi wa kwanza alikuwa wa Assen, na hakujificha nyuma ya jina la mchezo. *Bei ya mwisho?* aliuliza Frouke.

Hilje alimsogeza Wubbo, akaketi mwenyewe, akaandika kwa kidole kimoja cha ule mkono mbovu.

*Wewe sikuuzii. Utanirudishia.*