Mstari wa Pili wa Fundi Bartolomayo

Saa tisa alasiri, kijijini Haneti, mkoani Dodoma. Fundi Bartolomayo Chilewa amesimama juu ya dawati, wembe mkono mmoja, kitambaa chenye mafuta ya taa mkono wa pili. Anakwangua ukuta wa darasa. Rangi ya bluu aliyoipaka wiki iliyopita imeshakauka na haitaki kutoka.

"Taratibu, Mzee Bartolomayo, usije ukaondoa na kiini," anasema Mwalimu Ruthu Mlugu, anayefundisha baiolojia katika sekondari hii ya wazazi.

Hatanii. Kesho asubuhi kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa wa somo lake, na seli ya mnyama iliyochorwa hapa imezungushiwa mstari wa pili, ambao kwenye mchoro wa seli husomeka kama ukuta. Seli ya mnyama haina ukuta. Ukuta ni wa mmea.

Bartolomayo ni mchora mabango wa Majengo, mjini Dodoma. Zamani alichora kaulimbiu za chama na majina ya maduka ya ushirika. Tangu biashara ifanywe huria, anachora sabuni, saluni na gesti. Kwa mafundi wa Majengo, picha isiyozungushiwa mstari wa pili haijakwisha, na mwenye duka haipokei.

"Bila mstari wa pili naona kama nimeiacha uchi," anasema. "Nilipomaliza, mkono ukazunguka wenyewe."

Mazoea yana taabu. Mwalimu Ruthu alikuwa amemwachia kitabu cha kunakili, akaenda mjini kufuatilia mshahara wake. Aliporudi leo, darasa zima lilikuwa limeshachora seli hiyo kwenye madaftari.

Mmoja wao ni Debora, binti wa fundi. Kazi hii ndiyo karo yake ya muhula wa mwisho, maana siku hizi mzazi lazima achangie, na kazi za mabango huja na kukatika. Debora akifeli, baba yake hana uwezo wa kumlipia arudie.

"Ningemharibia mtoto wa mtu, ningeona aibu," anasema bila kugeuka. "Huyu ni wangu. Naogopa."

Nyuma yake, Mwalimu Ruthu anawaambia wanafunzi wafungue madaftari.

"Futeni mstari wa nje. Mti hauna mifupa na hauhami, jua likiwaka ni lake, upepo ukivuma ni wake. Ndiyo maana kila seli yake ina ukuta mgumu, kama nyumba ya tembe. Ng'ombe anatembea. Seli yake ina utando tu, mwembamba, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke."

"Na kiini, Mwalimu?" anauliza Debora.

"Kiini kiko kwa wote, ndicho kinachoongoza kazi. Mitokondria pia, zinatoa nguvu. Kloroplasti uachie mmea, wenyewe ndio unaojipikia kwa jua."

Debora alichora kwa wino. Anafuta, karatasi inachanika. Anamtazama baba yake, na baba anarudi kwenye wembe wake.

Jioni fundi anaifunika picha kwa magunia, kwa kuwa mtihani utafanyika humu humu.

Asubuhi anakaa nje juu ya kopo la rangi, mbali na madirisha. Chai aliyoletewa imepoa. "Akikumbuka ile ya kwanza ya kwenye daftari, nimemmaliza mimi," anamwambia mwandishi wa makala haya.

Mlango unafunguliwa. Debora anatoka miongoni mwa wa mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Walileta swali la seli?"

"Walileta. Tuchore ya mnyama, tutaje na kazi za sehemu zake."

"Ukaweka mistari mingapi?"

Debora anaitazama mikono ya baba yake. Kucha bado zina bluu.

"Niliweka miwili," anasema. "Halafu nikaukumbuka wembe wako. Nikafuta wa nje."

Bartolomayo anaikumbuka chai yake na kuinywa yote, hivyo hivyo ilivyopoa.

Shule moja ya Kondoa imeomba awachoree seli zote mbili, ya mmea na ya mnyama. Atakwenda, lakini si peke yake. Anataka wakati wa kusubiri matokeo Debora afuatane naye.

"Atasimama nyuma yangu," anasema. "Nikifika kwenye ya mnyama, mkono ukianza kuzunguka mara ya pili, aushike."