Saa Nne ya Ngenge

Mimi mdomo ninao, sikatai. Lakini siku ile nani angenyamaza?

Ofisi yetu ya Bukoba ina mfumo wa kuita gari la wajawazito vijijini, tumeuandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Muuguzi anajaza kwenye simu, ujumbe unafika kwenye seva ukiwa JSON, yaani maandishi ya kompyuta, na kigeuzi, kipande cha programu, kinausoma. Sasa kigeuzi cha kawaida kinajua saa za Kizungu tu. Muuguzi wa kule kijijini Ngenge akiandika "saa nne asubuhi", chenyewe kinashika ile nne, neno "asubuhi" kinalitupa, kinaelewa saa kumi alfajiri. Ndiyo maana nilitengeneza kigeuzi chetu, kinachohesabu saa tunavyohesabu sisi.

Vigeuzi hupanga foleni. Ujumbe ukifika, cha kwanza kusema "naweza" ndicho kinauchukua. Mwenzangu wa ofisini, katika kusafisha mipangilio, alikiweka changu nyuma ya kile cha kawaida. Skrini haikulalamika hata kidogo.

Siku ile muuguzi wa Ngenge akanipigia, maana mjamzito mwenyewe alikuwa mdogo wangu.

"Waitu dada, gari liko wapi? Niliomba la saa nne, sasa saa sita inafika. Mtoto amekaa vibaya."

Nikafungua mfumo. "Muda wa safari umepita." Yaani tumeomba gari la asubuhi, wenyewe umeona tunataka gari la alfajiri, ukakataa kimyakimya. Mama yangu! Nilimfokea mwenzangu mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja kuchungulia.

"Ni mstari mmoja tu wa mipangilio," akasema, "tunauhamisha."

"Mmoja tu? Huyo ni ndugu yangu!"

Nikampigia dereva. Alikuwa Muleba mjini, amekaa ndani ya gari, tangi limejaa, anasubiri kuitwa. Aliondoka hapohapo, wala simlaumu.

Mdogo wangu alipona. Mtoto, gari halikumuwahi.

Ule mstari niliuhamisha mwenyewe. Kisha nikaenda hospitali. Nilimkuta mdogo wangu amelalia ubavu, kanga ya mtoto ameikunja chini ya shavu. Nikamweleza yote, foleni na vigeuzi, sijui kwa nini, labda niliogopa kunyamaza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hivi gari linajua saa nne yetu?"

"Linajua."

"Haya," akasema, akageukia ukutani. "Wenzangu watafika."