Matanga ya Mkopo

Walisema sitaweza, na ninaandika haya kwa sababu waliosema wako hai na tunakutana kisimani. Walisema mtoto wa mpika pombe wa Murukulazo hawezi kutoa kitabu. Mjomba wangu alilisema hilo mbele ya watu, mrija ukiwa mdomoni: "Huyu? Hata barua ya posa aliandikiwa na mwenzake." Watu wakacheka mpaka mtungi ukatikisika. Barua ile niliiandika mwenyewe, na ndiyo maana ilikataliwa.

Mhariri mmoja wa Dar es Salaam naye alinipigia simu. "Ndugu yangu, shairi gani hili? Halina vina, halina mizani, na ng'ombe anakunywa mwezi!"

Nikamwambia ng'ombe wa kwetu wana kiu. Akakata simu.

Basi nikakitoa mwenyewe. Nina diploma ya ugavi, na ada yake niliilipa kwa kubeba magunia stendi ya Biharamulo. Nikafanya kazi kwenye duka la stesheneri palepale mjini, na niliporudi nyumbani sikurudi mikono mitupu, nilirudi na printa yangu. Mashairi niliandika mimi. Kurasa nilipanga mimi, nikachapa, nikakata, nikashona kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni. Jalada ni manila ya njano. Kitabu changu ukikivuta kama unavyovuta ndama hakiachii. Nionyesheni mwandishi mwingine, Ngara au Biharamulo, aliyefanya kazi zote hizo kwa mikono yake. Nasubiri.

Kitu kimoja tu nilikuwa sijakipata, nacho ni mama yangu kusema nimefanya vizuri.

Mama hakujua kusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, salamu na ugomvi. Mimi tangu nirudi nilikuwa nazungumza Kiswahili na kila mtu, hata na yeye. Yeye ananijibu Kihangaza. Tuliishi hivyo, kila mmoja ng'ambo yake ya kijito, na tulisikizana vya kutosha. Nilipomwekea kitabu mapajani alikinusa kwanza, kama anavyonusa ndizi zilizovundikwa.

"Kinasema nini?"

"Kinakusema wewe."

"Basi niambie kwa lugha yetu."

Nikamwambia shairi halitafsiriwi kwa haraka. Hata yeye, nikamkumbusha, hawezi kumwonjesha mtu pombe ambayo haijaiva.

"Haya, baba," akasema. "Ikiiva uniite."

Jumapili iliyofuata magoti yalimsumbua, hakwenda kusali. Mimi nilikwenda kigangoni na kitabu changu kwapani, nikamwomba katekista nafasi kwenye matangazo.

"Ni tangazo la nini?" akauliza.

"Ni shairi."

"Soma, lakini usirefushe. Watu wana njaa."

Aliyenitangulia alitangaza mtamba aliyepotea, mwekundu, pembe moja imepinda. Kisha nikasimama mimi, nikasoma kwa sauti yangu nzuri, maana sauti ninayo:

*Mama yangu ametoka jana bila miguu.*
*Msimtafute shambani, migomba imekwisha kumvaa.*
*Kilima kimejifunga kanga yake,*
*na mtungi unamlilia kwa mirija yote.*

Nilipoinua macho kanisa lilikuwa kimya. Nilidhani ni kimya cha heshima. Mwanamke mmoja akashika kichwa. Nikasema moyoni, sasa wameelewa mashairi.

Kwetu kinachosomwa kwenye karatasi, kwa Kiswahili, baada ya ibada, ni tangazo. Ng'ombe kapotea, mkutano upo, fulani kafariki. Hakuna kitu kingine kilichowahi kusomwa pale. Mimi nilibaki kigangoni nikijaribu kuuza nakala. Wao walipita makwao, wakachukua vya msiba, wakapanda njia ya kwetu.

Niliwafikia uani. Kulikuwa na mikungu ya ndizi, maharage, kuni, mitungi ya pombe, na kilio. Jirani yetu wa ng'ambo ya bonde alikuwa ameanguka kizingitini akilia kuliko wote. Na mama yangu amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage, anawatazama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Jirani akanyamaza. Akamshika mama mkono, akaubonyeza, akanigeukia mimi. "We Diploma! Umesoma nini kule?"

"Shairi."

"Shairi lina miguu? Umesema mama yako hana miguu, tusimtafute!"

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu wale watu wakaanza kuinua vitu vyao waondoke navyo, akaacha kucheka.

"Wekeni chini," akasema. "Kilichoingia na kilio hakirudi kwa mwenyewe. Kikirudi, kifo kinakifuata kujua kwenu ni wapi. Tuhesabu kwamba mmenikopesha. Huyu aliyewaita atawalipa, kwa vitu vipya, siku ambayo uani hapa hakuna msiba."

Wakakubali, maana hata wao waliijua sheria hiyo. Moto ukawashwa, tukala, tukanywa. Mama alisikia kwa masikio yake jinsi alivyokuwa mtu mwema, na kila aliyemsifu alimwambia, "Ongeza." Walipoondoka aliniuliza tena shairi lile linasema nini hasa, hata likamuua. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimetoa kitabu peke yangu nao wamekigeuza kichekesho. Nikamwambia halijaiva.

Hakuniuliza tena.

Alifariki msimu wa kupanda, asubuhi, akiwa amekaa palepale kwenye mkeka. Nilimwekea uji, nikaenda kufungua mbuzi, niliporudi uji ulikuwa bado wa moto na yeye hayupo. Sijui nisemeje vizuri zaidi ya hapo, na mimi ni mtu wa maneno.

Niliteremka bondeni. Jirani alikuwa analima, amenipa mgongo. "Shikamoo," nikasema. "Mama amefariki."

"Marahaba. Ametoka bila miguu tena?" Hakugeuka. Akawaambia wenzake shambani, "Diploma ametoa kitabu cha pili!" Wakacheka. Sikuwalaumu. Nikarudia: mama yangu amefariki leo asubuhi. Nikasikia Kiswahili changu kilivyonyooka, safi, kama cha mtu anayesoma karatasi.

"Na kilima kimevaa nini safari hii?" mwingine akauliza.

Hapo ndipo nikasema kwa Kihangaza. Ni maneno mawili. Sikuwa nimeyapanga, na sauti niliyosemea haikuwa ile nzuri, ilikuwa ya mtoto aliyetumwa. Jirani aligeuka. Akaniangalia usoni, akalaza jembe chini taratibu. Kwetu msiba ukiingia majembe hulazwa, na nilisimama pale nikisikia mashamba yakinyamaza moja baada ya jingine mpaka juu mlimani.

Walikuja na ndizi, na maharage, na kuni, na pombe. Hakuna aliyesema, "Mimi nilishaleta."

Matanga yalipokwisha nikaanza kulipa ule mkopo wa kwanza. Nilikuwa na printa na diploma, ningeweza kununua kila kitu kwenye mnada siku moja. Lakini mama alisema vipya, nami nilijua alimaanisha vya shambani kwetu. Nikalima kwa mikono hii. Nikasubiri maharage, nikasubiri migomba, nikakata kuni. Pombe nilipika mwenyewe, ya kwanza ikawa chachu hata mbuzi hawakuitaka. Nyumba moja baada ya nyingine nilipeleka. Mjomba alipokea mtungi wake, akaonja, akasema, "Si ya dada yangu." Akanywa yote.

Akabaki jirani. Nilimpelekea sukari na kanga mpya.

"Sukari naichukua," akasema. "Lakini mimi siku ile sikuleta ndizi. Nililia. Tena niliangukia goti kwenye kizingiti chenu, mpaka leo linauma. Hilo utalilipa kwa nini?"

Nikamnyooshea ile kanga, hakuipokea.

"Lile tangazo lako," akasema. "Niambie kwa lugha yetu. Nataka kujua kilichoniangusha."

Nikamwambia. Nilikaa kwenye kigoda chake nikalisema polepole, nikitafuta neno la kanga, neno la kilima. Mengine sikuyapata, nikayaonyesha kwa mikono. Halikuchukua muda mrefu, ni mistari minne. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akajisugua goti.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Basi. Hunidai, sikudai."

Nilipanda njia nikitembea haraka, nikiwa na furaha, nasema ukweli, furaha kabisa. Nilikuwa nimelipa kila mtu. Shairi lilikuwa limeiva. Nilifika uani nikamwita mama.